Dawa Nyeusi kwenye Sakafu ya Mama

Harufu ile ilinikuta kwenye ngazi. Nilikuwa nashuka asubuhi kwenda kazini, hapa Nairobi ninapoishi sasa, na mzee anayesafisha jengo letu alikuwa ameinama juu ya ndoo yake. Alimimina dawa kutoka kwenye debe dogo, nyeusi na nzito kama lami, nayo ilipogusa maji ikageuka ghafla ikawa nyeupe kama maziwa. Harufu ikapanda hadi niliposimama. Nikashika ukuta.

"Binti, uko sawa?" mzee aliniuliza.

Nilimjibu kwamba niko sawa, nikamshukuru, nikapita pembeni ili nisimharibie kazi. Lakini kusema kweli, wasomaji wangu, sikuwa sawa, wala sikuwa Nairobi. Nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza, miguu mitupu, nimesimama mlangoni mwa nyumba yetu kwenye laini ya wafanyakazi wa shamba la Kaburu mmoja, upande wa Soy, nje ya Eldoret. Mji wenyewe tuliuita Sisibo kama walivyouita watu wote, na tulikwenda huko mara chache sana, juu ya gari la ng'ombe alilokuwa akiliendesha baba. Dunia yetu ilikuwa ile laini: nyumba za udongo zimepangwa mstari, boma la ng'ombe upande wa juu, mto upande wa chini, na katikati mashamba ya ngano ya mtu mwingine yakipigwa na upepo wa baridi.

Nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya udongo, na mama aliipenda sakafu hiyo kama wanawake wengine wanavyopenda nguo ya Jumapili. Kila baada ya muda aliisiriba upya. Alikwenda bomani asubuhi, ng'ombe wakiwa wameshakamuliwa, akarudi na mavi mabichi yanayofuka moshi kwenye baridi. Akayachanganya na majivu na maji kidogo, akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti kwenye ukuta wa nyuma, na kuanza kupaka kwa kiganja. Alirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, na mkono wake uliacha alama za nusu mviringo, moja ikipanda juu ya nyingine, kama magamba ya samaki. Ikikauka, sakafu ilikuwa ngumu, laini, ya rangi ya kijani iliyofifia, na ilinuka majani makavu. Viroboto hawakukaa humo. Vumbi halikuinuka. Mama alikuwa akiingia kwa wenzake, anaangalia chini kwanza kabla ya kusalimia, na mimi nilijua alichokuwa akikiangalia.

Siku ya kusiriba hakuna aliyeruhusiwa ndani: si sisi, si kuku, si Karani.

Karani alikuwa paka wetu. Tulipewa na Kogo Tapsubei, jirani yetu Mnandi, ambaye laini nzima ilimwita Kogo, yaani bibi, hata sisi tuliotoka Maragoli. Alimleta akiwa mdogo ili atuangalizie mahindi, maana panya wa shamba lile walikuwa hodari kuliko mnyapara. Alikuwa mweusi mwili mzima isipokuwa miguu yote minne, ambayo ilikuwa myeupe hadi magotini, kama soksi. Baba alipomwona mara ya kwanza alicheka, akasema, "Huyu hakuja kukamata panya. Huyu ni karani, amekuja kuandika majina yao." Jina likashika. Na kweli, alikuwa na tabia za karani. Alikaa wima mlangoni akiwatazama watu wanaopita kana kwamba wamechelewa kazini, na hakulala kabla ya kusafisha soksi zake. Aliziramba moja moja, kwa uangalifu, kidole kwa kidole.

Aliyempenda kuliko sisi sote alikuwa Enosi, mdogo wangu. Enosi alichelewa kutembea. Alitambaa kwenye ile sakafu kutoka ukuta hadi ukuta akimfuata Karani, akamshika mkia, akamlalia, akamtia vidole masikioni. Paka yule, ambaye mimi aliniparua nikimgusa vibaya, alivumilia yote. Mchana walilala pamoja juu ya ngozi ya ng'ombe, kwenye pembe ya nyumba, na ilikuwa vigumu kujua nani anakoroma.

Enosi alifariki wakati wa mvua kubwa. Tumbo lilimwendesha, akakauka mbele ya macho yetu kama jani lililotupwa juani, na hakuwa peke yake. Watoto wengine wa laini waliugua mvua zile. Tulimzika ng'ambo ya mto, mahali ambapo mwenye shamba aliwaruhusu watu wake kuzika. Mchungaji wa kanisa letu aliomba kwa kifupi kwa sababu ya mvua. Mama alilia siku ile kama wanavyolia mama wote.

Baadaye kidogo akaja dresa, msaidizi wa daktari, kutoka mjini. Alikuja kwa baiskeli, amevaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, akapita nyumba kwa nyumba kuuliza habari za ugonjwa. Hakuwa mtu mbaya. Nakumbuka alivua kofia alipoingia kwetu, na alimpa mama pole. Kisha akaangalia chini. Akakwaruza sakafu kwa ncha ya kiatu.

"Mtoto alikuwa anatambaa?"

"Ndiyo, bwana daktari."

"Hapa? Juu ya mavi ya ng'ombe?"

Mama naye akaiangalia sakafu yake.

"Basi," alisema dresa. Neno hilo tu. Alitoka, akafuta kiatu chake kwenye nyasi, akaenda nyumba ya pili.

Mimi sikuelewa kitu. Nilifurahia kuiona kengele ya baiskeli. Lakini tangu saa ile mama aliacha kulia, na kesho yake baba aliporudi kutoka kwa ng'ombe alimkuta ndani na jembe.

"Mama Rispa, unachimba nini?"

"Natoa."

"Unatoa nini?"

"Natoa," alisema mama, na jembe halikusimama.

Aliibandua ile sakafu yote, tabaka juu ya tabaka, kazi ya miaka ya kiganja chake, akaibeba kwa karai na kwenda kuitupa mbali, ng'ambo ya njia. Chini yake ulitokea udongo mwekundu, mtupu, wenye kushika miguu. Baba alimtazama, akaingia ndani, akakaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno machache yale yalikuwa yameisha.

Kisha mama akaenda kwa Zakayo, mpishi wa nyumba kubwa, mtu wa kwao, akamwomba dawa wanayooshea sakafu ya wazungu. Zakayo akampa chupa iliyojaa dawa nyeusi, akamweleza vizuri: kifuniko kimoja katika ndoo nzima ya maji, unafuta, unaacha kidogo, halafu unasuuza kwa maji safi mengi. Mama alimsikiliza, na nyumbani alifanya hivyo hivyo. Aliumwaga ule mchanganyiko mweupe juu ya udongo wetu, na kabla hajaanza kufuta tulikuwa tumesimama kwenye matope hadi vifundoni. Sufuria ilizama. Kuku mmoja aliyekuwa na udadisi aliingia akakwama, ikabidi avutwe.

Zakayo hakudanganya, wala mama hakukosea kumsikia. Ila nyumba kubwa ilikuwa na sakafu ya mbao, na yetu ilikuwa ardhi. Ardhi huwezi kuisuuza. Kwa hiyo mama akafanya jambo ambalo kila mwanamke wa laini ile angelifanya: akapunguza maji. Alichukua dawa nyingi na maji kidogo, ikawa uji mzito, akaipaka chini kwa ufagio wa majani kama mtu anayesiriba, akaiacha ikauke yenyewe. Alizoea kuona kwamba kinachopakwa sakafuni hukauka na kuwa sakafu. Hii haikuwa sakafu. Ilikuwa inangoja ndani ya udongo, na kila unyevu ulipoingia iliamka.

Akaifanya kila siku. Chupa ikiisha alirudi kwa Zakayo. Ugali ulionja dawa. Blanketi zilinuka dawa. Nikienda shule watoto waliziba pua, wakaimba, "Rispa ametoka dipu! Rispa hana kupe!" Kogo Tapsubei alikuja kutusalimia akaishia mlangoni.

"Mama Rispa, iko nini hapa? Nyumba yako inanuka kama ng'ombe imetoka kuogeshwa."

"Nasafisha, Kogo."

"Unasafisha mpaka lini?"

Mama alichovya ufagio tena. Kogo akaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Kulikuwa na Jumamosi moja ya mvua ya mchana. Baba alikuwa nje chini ya ukingo wa paa, anashona mikanda ya nira. Mama alikuwa amemaliza kupaka, na kwa sababu ya mvua sakafu ilikataa kukauka. Iling'aa. Karani akatoka kwenye mvua, akapita kati ya miguu yangu, akavuka sakafu polepole, akipandisha kila mguu juu kana kwamba hapendi alichokikanyaga. Akapanda juu ya ngozi ya ng'ombe kwenye pembe, pale pale alipokuwa akilala na Enosi. Akakaa wima. Akaanza kusafisha soksi zake, moja moja, kidole kwa kidole.

Mama alikuwa mlangoni, akimtazama. Nakumbuka nilifurahi, kwa sababu tangu mazishi hakuwa ametazama kitu chochote kwa muda mrefu namna ile.

Kabla mvua haijakatika, Karani alianza kutoa mate. Yalitoka nyuzi nyuzi, yakaning'inia kidevuni. Akatikisa kichwa. Akaruka kutoka kwenye ngozi, miguu ya nyuma ikamkataa, akajikokota hadi nje akaanguka kwenye matope ya uani, anatetemeka mwili mzima, povu mdomoni.

"Kichaa!" mtoto wa nyumba ya pili akapiga kelele. "Paka ya kina Rispa iko na kichaa!"

Laini yetu ililijua neno hilo. Mbwa mwenye kichaa alikuwa amepita huko kabla, akauma ndama wa Arap Keter, mwana wa Kogo aliyechunga na kukamua ng'ombe wa shamba, kisha akamuuma mchunga ng'ombe mwenzake mmoja, na sitaki kuwaeleza alivyokufa yule mtu. Kwa hiyo watu hawakungoja. Milango ilifunguka, akina mama wakavuta watoto ndani, na Arap Keter akaja mbio na rungu lake, mvua ikimtiririka usoni. Baba naye alikuwa ameshainuka, ameshika mti wa nira.

Mama akafika kwanza. Akasimama kati ya rungu na paka.

"Toka hapo, Mama Rispa. Hiyo paka iko na kichaa."

"Hana."

"Macho yangu inaona mate!"

"Si kichaa, Arap Keter. Ni nyumba yangu."

"Nyumba imefanya nini?" baba aliuliza.

Watu wote walikuwa wanamtazama kutoka milangoni. Nilikuwa mdogo, lakini niliona kwamba neno la kumjibu lilikuwa zito kwake kuliko jembe.

"Dawa," alisema. "Amekanyaga dawa, akalamba miguu. Mimi ndiye nimeimwaga. Mimi ndiye ninayeimwaga kila siku."

"Na kama si dawa?" Arap Keter hakushusha rungu. "Ikiuma mtoto, utatuambia nini?"

"Iniume mimi kwanza."

Akaketi pale pale kwenye matope, akavua leso, akamfunga Karani ndani yake, na kumweka mapajani. Karani alimparua mkono toka kifundo hadi kiwiko. Mama hakuuondoa mkono.

Arap Keter alibaki amesimama na rungu lake. Aliyemwondoa pale alikuwa mama yake. Kogo Tapsubei alikuja akivuta mguu mmoja, amejifunika gunia kichwani, akamtazama mwanawe toka juu mpaka chini.

"Wewe, unangoja paka ikusalimie? Leta maji. Ya vuguvugu! Si ya kupikia mahindi."

Maji yakaja, na karai, na kipande cha sabuni ya kufulia. Karai lile tulikuwa tukimwogeshea Enosi, na wakati ule hakuna aliyelitaja jambo hilo, lakini hakuna ambaye hakulijua. Mama aliosha mguu mmoja baada ya mwingine. Alifungua vidole, akasugua katikati ya kucha kwa kidole chake kidogo, akasuuza, akarudia, akamwaga maji, akaomba mengine. Baba alishika kichwa cha Karani kwa kitambaa ili asiendelee kujilamba. Mtu mzima anayeweza kuwasimamisha maksai kwa sauti tu, alikuwa amepiga magoti kwenye matope akimbembeleza paka: "Pole, Karani. Pole, bwana. Tunamaliza sasa hivi."

Maji yalipobadilishwa tena, mama alinyoosha mkono kupokea sufuria kutoka kwangu, na macho yake yakashuka kwenye miguu yangu.

Ngozi kati ya vidole ilikuwa imeiva, nyekundu, imepasuka. Nilikuwa nimezoea. Niliirudisha nyuma, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Lete," alisema.

"Si kitu, mama."

"Rispa. Lete mguu."

Akampa Kogo yule paka, akaushika mguu wangu, akautia kwenye karai.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kupaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nikafikiri. Nilitaka kusema ukweli, kwa sababu uso wake ulikuwa karibu sana na wangu na haukuwa umekaribia hivyo kwa muda mrefu.

"Ulikuwa unamfanyia Enosi," nikasema.

Mama aliinamisha kichwa juu ya karai. Mikono yake haikuacha kuosha. Aliosha vidole vyangu kimoja kimoja, kwa uangalifu ule ule aliomwoshea Karani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Kogo aliwageukia watu waliokuwa milangoni. "Hakuna sinema hapa," aliwaambia. "Rudini kwa sufuria zenu."

Karani alipona, ingawa polepole. Alilala kwa Kogo, kwenye kikapu karibu na meko, akikataa chakula, halafu akikubali maziwa, halafu akiiba nyama, na Kogo akatuletea habari ya wizi huo kama mtu anayetangaza harusi. Miguu yangu ilipakwa mafuta ya kondoo ikafunga. Chupa ya dawa ilirudishwa kwa Zakayo.

Mama aliushika tena mpini wa jembe. Safari hii baba alishika la pili. Walichimbua udongo wote uliokunywa dawa, wakaubeba mbali na njia ya mifugo, wakaleta udongo wa kichuguu, ule unaoshikana, wakaumwaga na kuupiga kwa magogo hadi ukawa mgumu. Kisha asubuhi moja yenye jua mama akaenda bomani na karai. Arap Keter alikuwa anakamua. Sijui waliambiana nini, lakini alimjazia karai mwenyewe.

Nilikuwepo alipoanza. Alipiga magoti kwenye ukuta wa nyuma, akachovya kiganja, akakishikilia juu ya ardhi. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono hewani, mavi yakidondoka. Nilidhani amechoka. Kisha mkono ukashuka.

Alipofika mlangoni alitoka kinyumenyume, akakaa nje nami kwenye jua tukingoja ikauke. Karani alikuwa amekuja na Kogo, akakaa wima mbali kidogo, akitugeuzia mgongo. Mama alikuwa na mavi hadi viwiko. Aliitazama sakafu mbichi.

"Enosi angekuwa ameshaikanyaga," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza alilosema juu yake tangu siku ya dresa. Nikamwambia ndiyo, na angepaka na ukuta. Mama akacheka, au nilidhani ni kicheko.

Kwa miaka mingi niliikumbuka asubuhi ile kama siku aliyopona. Niliamini kwamba paka alikuwa amemwonyesha kosa la dawa, basi mambo yamerudi mahali pake, na mavi ya ng'ombe yameonekana hayana hatia. Mtoto hupenda hesabu za namna hiyo. Nilipokuwa mkubwa niliwauliza watu waliosomea magonjwa. Mmoja aliniambia huenda ilikuwa maji ya mto. Mwingine aliniambia huenda ilikuwa sakafu. Wote wawili walikuwa wapole, na wote wawili hawakujua.

Mama naye hakujua. Hapo ndipo nilipokielewa kile kiganja kilichosimama hewani. Hakuna mtu aliyekuja kwa baiskeli kumwambia kwamba hakumuua mwanawe. Hakuna aliyekuja hadi leo. Lakini alikuwa na mtoto mwingine, na huyo alihitaji mahali pa kukanyaga. Akaushusha mkono, akapaka.